Tangu nimsahihishe, mwanafunzi wangu haandiki tena

Mpendwa Mshauri,

Hujambo, na pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu. Langu si la ndoa wala la fedha, ila usingizi linaninyima vilevile.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Kuna kijana wa miaka 15 aliyenifuata mwenyewe, bila kutumwa na mtu, akaniomba nimfundishe kuandika hadithi fupi. Nilifurahi mno, maana huyu ndiye yule ambaye akianza kusimulia jambo wakati wa mapumziko, wenzake huacha mpira wakamzunguka. Anajua wapi apandishe sauti na wapi anyamaze mpaka watu waseme, "Enhe, halafu?"

Tatizo ni kwamba akishika kalamu anageuka mtu mwingine. Hadithi yake ya kwanza ilimhusu kijana aliyechukua baiskeli ya jirani bila kuomba, ikakatika mnyororo, akairudisha usiku kimyakimya. Kisa kizuri, sivyo? Sasa ona alivyoanza: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, siku ambayo sitaisahau maishani mwangu. Jua lilikuwa likichomoza kwa madaha huku ndege wakiimba nyimbo tamutamu matawini." Ukurasa mzima ni jua, ndege, kuoga na kupiga mswaki. Baiskeli ikatokea karibu na mwisho, ghafla bin vuu mnyororo ukakatika, akairudisha "akiwa na hofu isiyo kifani huku moyo ukimdunda kama ngoma", kisha akafunga: "Ama kweli, mchuma janga hula na wa kwao."

Nikaketi na kalamu nyekundu. Nilifuta jua na ndege, nikaianza hadithi usiku, baiskeli ikiwa imeshaharibika. Nikarekebisha mazungumzo, nikaondoa methali, nikabadili nafsi ya msimulizi. Akainakili yote kwa mwandiko safi. Niliposoma hadithi ile mbele ya darasa, makofi yalilia. Halafu nikamsikia akimwambia jirani yake: "Hiyo ni ya Mwalimu. Mimi nimenakili tu."

Tangu siku hiyo hajaleta kitu. Nikimuuliza, anajibu kwa adabu: "Sina wazo, Mwalimu." Na wakati huohuo namsikia nje akisimulia!

Vipengele vyote nimemfundisha: msuko, wahusika, mandhari, dhamira, taharuki. Ukimuuliza msuko ni nini, anakujibu vizuri kuliko kitabu. Je, niache kumsahihisha kabisa? Na kama siyo, nianzie wapi? Na je, nimkataze methali na semi wakati mtihani wa insha unazipa alama?

Mwalimu wa Kalamu Nyekundu

JIBU

Mwalimu,

Nianze na lile neno lililokuuma. Kijana aliposema "hiyo ni ya Mwalimu", hakukuvunjia heshima wala hakukosa shukrani. Alisema kweli. Kisa cha baiskeli kilikuwa chake; mwanzo, mwisho, sauti na mpangilio vilikuwa vyako. Akapigiwa makofi kwa kazi ya mtu mwingine mbele ya wenzake, na mtu mwenye sikio kama lake hawezi kuyafurahia makofi ya namna hiyo. Kwa hiyo hiyo habari ya "sina wazo" usiiamini. Mawazo anayo, na nje anayamwaga kila siku. Ila ameona kwamba yakifika kwako yanageuka kuwa mali ya mtu mwingine.

Yamewakuta na wakubwa. Raymond Carver, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, alimpelekea mhariri wake, Gordon Lish, mswada wa mkusanyiko uliokuja kutoka mwaka 1981. Lish aliukata mpaka zaidi ya nusu ya maneno yakaondoka, na hadithi nyingine zikabaki na miisho ambayo Carver hakuiandika. Julai 1980 Carver alimwandikia barua ndefu akimsihi asimamishe uchapishaji. Kitabu kikatoka hivyohivyo, wasomaji wakakisifu sana. Carver alifariki mwaka 1988, na matoleo yake ya awali yalikuja kuchapishwa 2009. Mpaka leo watu wanabishana yapi bora, na sitaki kuingia katika ubishi huo. Ninachokuonyesha ni kwamba mtu mzima, mwenye jina, aliyesifiwa kwa kitabu, aliweza kuumia kwa sababu ya sifa zenyewe. Sembuse kijana wa miaka 15.

Sasa tazama upande wa pili wa maisha ya mtu huyohuyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa mwanafunzi mwenye familia changa na asiye na mahali pa kuandikia, Carver alifundishwa uandishi na mwandishi John Gardner. Gardner alimpa ufunguo wa ofisi yake ili aandikie humo wikendi. Na kalamu ya Gardner haikuwa ya huruma hata kidogo: alikata na alipachika maneno. Lakini Carver mwenyewe alikuja kueleza kwamba baadhi ya mistari Gardner aliifuta moja kwa moja, na mingine aliitia katika mabano tu, maana yake: hii tukae tuizungumze. Wakakaa, wakabishana hata juu ya koma.

Basi swali lako la kwanza limeshapata jibu. Usiache kumsahihisha. Acha kumwandikia.

Kabla ya hayo yote kuna deni la kulipa. Kama rasimu yake ya kwanza unayo, yenye jua na ndege wake, mrudishie. Mwambie waziwazi: "Ulisema kweli, ile iliyosomwa ilikuwa yangu kuliko yako. Hii ndiyo yako. Ukitaka tuiendeleze, tutaiendeleza. Ukitaka kuitupa, itupe." Usimwombe aandike mpya, na usimpe tarehe. Na kuanzia sasa hadithi yake isisomwe mbele ya mtu bila yeye kukubali, hata ikiwa nzuri vipi. Walimu tunalisahau sana hili kwa sababu ya fahari.

Tuje kwenye ufundishaji wenyewe. Umeeleza kitu muhimu kisha ukakipita haraka: kwamba akisimulia kwa mdomo anajua wapi anyamaze. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa taharuki. Anayo. Kinachomponza ni kwamba akishika kalamu msikilizaji wake anabadilika. Nje anawasimulia wenzake, na wenzake wakichoka wataondoka, kwa hiyo haanzi na ndege. Kwenye karatasi anamwandikia mtahini anayehesabu semi. "Siku ambayo sitaisahau maishani mwangu" haikutoka kwake. Ameifundishwa, tena pengine akapewa alama kwa ajili yake. Usimcheke kwa hilo.

Kwa hiyo usianze na karatasi. Mwambie akusimulie kisa cha baiskeli kwa mdomo, kama ambavyo angewasimulia wenzake, nawe uulize. Maswali yawe madogo, ya macho na masikio. "Kwa nini alifanya hivyo?" liweke pembeni, kwa sababu litakurudishia mahubiri. "Alijisikiaje?" vilevile, maana litakurudishia moyo unaodunda kama ngoma. Tuseme mko pale usiku, kijana wa hadithi anairudisha baiskeli:

"Ameishikaje?"
"Ameinyanyua upande wa nyuma."
"Angeisukuma tu?"
"Ingelia. Mnyororo unaburuta chini."
"Wa kumsikia ni nani?"
"Jirani halali mapema. Taa yake bado inawaka."

Umeona kilichotokea? Hofu imo, usiku umo, uharibifu umo, na yule jirani ambaye kwenye rasimu hakuwa hata na kivuli amekuwa mtu anayekesha. Hajatumia neno "hofu" hata mara moja. Wewe wakati huo unafanya kazi moja tu: unaandika maneno yake jinsi yalivyotoka, bila kuyapendezesha, kwenye karatasi nyingine. Halafu unamkabidhi. "Haya umeyasema wewe." Aende nayo.

Karatasi ile inaweza kufanya kazi ambayo mafunzo ya vipengele hayajaifanya. Ataona kwamba yale aliyoyatamka bila kujikaza yana nguvu kuliko sentensi alizozipamba. Usimwelezee. Ukimwelezea umeshamnyang'anya tena.

Kama anapenda kujua waandishi wengine walisemaje, Anton Chekhov, daktari wa Urusi aliyeandika hadithi fupi kwa mamia, alimwandikia kaka yake Alexander mwezi Mei 1886 akimshauri jinsi ya kueleza usiku wa mbalamwezi. Aachane na maelezo ya jumla, alimwambia. Aonyeshe kipande cha chupa iliyovunjika kikimetameta kwenye bwawa la kinu, na kivuli cheusi cha mbwa au mbwa mwitu kikipita. Msomaji atauona mwezi mwenyewe. Jua la kijana wako nalo halina kosa lolote kuwamo katika hadithi. Kosa ni kwamba halijamulika kitu. Lingekuwa linakaribia kuchomoza naye bado hajamaliza kuirudisha baiskeli, lingekuwa jua la kutisha.

Hapo ndipo hadithi fupi inapoachana na insha ya "siku ambayo sitaisahau". Insha ya namna hiyo huanzia asubuhi kwa sababu siku huanzia asubuhi. Hadithi fupi huanzia pale ambapo mambo yameshaharibika au yanakaribia kuharibika. Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi ya aina hii isomwe kwa kikao kimoja, na kila neno lisaidie kuleta athari moja aliyoikusudia mwandishi tangu mwanzo. Mimi kwa wanaoanza hulipunguza liwe swali dogo: hadithi yako inachukua saa ngapi? Si saa za kuisoma. Saa za ndani yake. Kijana akijibu "siku nzima", muulize katika siku hiyo ni saa ipi ambayo hakuna mtu angethubutu kutoka chumbani akisimuliwa. Aandike hiyo. Maneno 500 hadi 800 yanamtosha kabisa.

Utakuta wengine wanaleta maisha mazima: mhusika anazaliwa, anasoma, anaoa, anafiwa, anatajirika, kurasa mbili. Wako hana ugonjwa huo, kwa hiyo nisikuchoshe nao.

Kuhusu nafsi uliyoibadilisha, hilo ndilo lililonishangaza zaidi katika barua yako, maana umelitaja kwa maneno machache kana kwamba ni kusahihisha tahajia. Ukibadili nafsi ya msimulizi umebadili hadithi. "Mimi" anayesimulia usiku ule anaweza kudanganya, anaweza kujitetea, anaweza kuficha kwamba hii si mara ya kwanza. "Yeye" hana nafasi hiyo kwa urahisi. Nimeona pia kwamba mistari uliyoninukulia imeanza na "maishani mwangu" na kuishia na "moyo ukimdunda", yaani kijana mwenyewe amechanganya. Kuchanganya huko ni kosa, naam, lakini ni kosa lenye habari ndani yake: huenda hajaamua kama anataka kuwa karibu na mkosaji huyu au mbali naye. Mpe aandike aya moja kwa "nilikuwa" na aya ileile kwa "alikuwa", azisome zote mbili kwa sauti, achague. Akichagua tofauti na ulivyochagua wewe, nyamaza.

Sasa kalamu nyekundu. Itumie, lakini kwa mpango. Katika rasimu ya kwanza usiguse upatanisho wa ngeli, tahajia wala alama za uandishi. Aya itakayofutwa kesho huna haja ya kuisafisha leo. Chora mistari ya aina mbili tu: ulionyooka chini ya mahali ulipoona au kusikia kitu, uliopinda chini ya mahali ulipopotea. Pembeni usiandike "nzuri sana" wala "dhaifu". Mkikaa, mwambie kama msomaji: "Hapa niliusikia mnyororo. Hapa sikujua yuko ndani au nje. Hapa nilidhani jirani amemwona, ni kweli?" Swali la mwisho litamfaa kuliko sifa zote, kwa sababu huenda yeye mwenyewe hajui kama jirani alimwona, na akianza kutafuta jibu hadithi inaanza kumsumbua vizuri.

Sarufi ije mwisho, rasimu ikiwa imeshakaa. Hata hapo, aina moja ya kosa kwa kila hadithi. Mwezi huu alama za mazungumzo, kwa mfano, ambazo karibu kila mwanafunzi huzikosea. Uweke duara kwenye kosa bila kulirekebisha; alitafute mwenyewe lina nini.

Nakuja kwenye methali, na hapa nitatofautiana nawe. Uliifuta. Mimi ningemwachia, kisha ningemwomba ajaribu jambo moja: aifunike kwa kiganja, aisome hadithi mpaka sentensi iliyotangulia, aseme kama imekwisha. Mara nyingi imekwisha. Baiskeli imeegeshwa, taa ya jirani imezimika, basi. Methali inakuja baadaye kama mtu anayekufafanulia utani ulioucheka. Akiliona hilo kwa macho yake ataifuta mwenyewe, na hatairudisha katika hadithi ya pili.

Lakini kuna mlango mwingine, nao ni mzuri zaidi. Methali katika kinywa cha msimulizi ni hukumu. Katika kinywa cha mhusika ni tendo. Asubuhi jirani anaikuta baiskeli yake imeharibika, anamshuku mtoto mwingine, na mama wa kijana wetu, asiyejua lolote, anasimama mlangoni akitikisa kichwa: "Mchuma janga hula na wa kwao." Anawasema watu wa nyumba nyingine. Mwanawe yuko nyuma yake, anasikia. Maneno ni yaleyale yaliyokuwa mahubiri, sasa yamekuwa kinaya kinachochoma. Nimekuonyesha wewe ili ujue semi zina kazi gani katika hadithi. Tafadhali usimpelekee! Ukimpelekea tutakuwa tumerudi kwenye "hiyo ni ya Mwalimu". Muulize tu, "Kuna mtu ndani ya hadithi anayeweza kuitamka?" Kisha subiri, hata kama jibu litachukua wiki.

Kusoma nako kusisahaulike. Kila mnapokutana, chagueni hadithi fupi moja ya mwandishi yeyote, na msiichambue kwa dhamira na maudhui, hayo ameshayamaliza. Angalieni sentensi ya kwanza na ya mwisho, halafu mtafute mahali ambapo mwandishi ameruka muda. Wanaoanza huogopa kuruka. Wanamvusha mhusika kila ngazi: akaamka, akavaa, akafungua mlango, akatoka. Kumwona mwandishi mwingine akiacha mstari mmoja mtupu na kuibukia kesho yake kunamfungua mtu kuliko somo zima la mbinu rejeshi, ile ya kumrudisha msomaji nyuma katika masimulizi.

Limebaki la mtihani. Usimweke kijana kati yako na mtahini, ataumia yeye. Insha ya mtihani ina masharti yake, na mwenye kipaji anaweza kuyatimiza bila kuharibika, mradi ajue kwamba hizo ni kazi mbili. Aandike juu kabisa ya kila karatasi anayokuletea: "insha" au "hadithi". Ikiwa insha, msahihishe kama unavyomsahihisha kila mwanafunzi, semi, methali, aya, alama, kwa kalamu nyekundu upendavyo. Ikiwa hadithi, chukua penseli.